Tuielewe Valvu ya Turbo Kabla ya Kupitisha Manunuzi

(Maneno ya mada iliyotolewa na Idara ya Miradi mbele ya kamati za sharika na wageni wetu wafadhili)



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha hapa salama. Safari hii shukrani hiyo ina uzito wake, maana wengi wetu tumekuja na magari yale yale tutakayoyazungumzia. Tulipotuma ratiba, mwenyekiti mmoja alipiga simu kuuliza kama hatukukosea kuchapa, kwamba asubuhi iwe mada ya utunzaji wa mahesabu na mchana iwe mada ya valvu ya turbo. Hatukukosea. Kwa yaliyotupata sisi, mada hizo mbili ni moja.

Wengi mnalikumbuka lori letu dogo la tani tatu na nusu. Ndilo linalopeleka dawa kwenye zahanati zetu, saruji kwenye majengo ya sharika, na wakati wa mavuno hubeba mahindi ya sadaka. Mwaka 2021 lilianza kukosa nguvu milimani. Dereva akitoka Dar es Salaam na mzigo, akifika Ruaha Mbuyuni alianza kuomba, maana mbele yake ni Kitonga. Gari lilipanda kwa gia ya kwanza, malori ya mizigo mizito yakilipita. Tukalipeleka kwa fundi. Fundi akalirudisha baada ya nusu saa, likiwa na nguvu kuliko siku lilipofika kutoka Japani. Malipo yalikuwa madogo mno. Tulimsifu, na tukiri kwamba hakuna hata mmoja wetu ofisini aliyemwuliza amefanya nini.

Alichofanya ni kuchukua waya wa kufungia miti ya jengo na kufunga rodi moja ndogo pembeni mwa turbo isisogee. Basi. Ili mwelewe kwa nini waya ule ulitugharimu injini, lazima kwanza tuieleze turbo yenyewe.

Injini ya dizeli haipati nguvu kwa mafuta peke yake. Mafuta yanahitaji hewa ili yaungue. Ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, unachopata ni moshi mweusi na joto. Mama anayepika kwa kuni anajua jambo hili bila kufundishwa: kuni zikijaa jikoni bila nafasi ya hewa, moto haukui, nyumba inajaa moshi, na mtu hupuliza. Turbo ndiyo hupuliza. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikisha hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na uzuri wa wazo lake ni kwamba anayepuliza halipwi. Moshi unaotoka kwenye injini una joto na kasi ambavyo vingepotea bure kwenye bomba la ekzosi. Ndani ya turbo mna feni mbili zilizofungwa kwenye ekseli moja fupi. Moshi unazungusha feni ya kwanza, feni ya pili upande wa pili inavuta hewa safi kutoka kwenye chujio na kuisindilia ndani ya injini. Ekseli hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana tunawasihi madereva wasizime gari papo hapo baada ya kupanda mlima. Waache injini iungurume taratibu dakika moja au mbili, oili ipite na turbo ipoe.

Sasa tazameni hatari iliyojificha. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua. Mafuta mengi yakiungua, moshi unakuwa mwingi na wenye nguvu. Moshi ukiwa na nguvu, turbo inazunguka kasi zaidi na kusukuma hewa nyingi zaidi. Huo ni mduara unaojilisha wenyewe. Bila kitu cha kuukata, kasi itapanda mpaka kitu fulani kivunjike, na kwa kawaida kinachovunjika si kile cha bei rahisi.

Kinachoukata mduara huo ni valvu ya mchepuko. (Vijana tunawaona mnacheka. Tunazungumzia mchepuko wa barabara.) Kama vile barabara kuu inapokuwa na kazi na magari yakaelekezwa pembeni, ndivyo moshi unavyofanywa. Kwenye nyumba ya chuma ya turbo, kabla moshi haujafika kwenye feni, kuna tundu lenye kifuniko. Kifuniko kikifungwa, moshi wote unapita kwenye feni. Kikifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye ekzosi bila kuzungusha kitu, na feni haiongezi kasi tena.

Nani anakifungua? Si dereva, na kwenye magari ya zamani kama lori letu si kompyuta pia. Nje ya turbo kuna kikopo cha bati, ukubwa wake unakaribia kikopo cha nyanya ya kopo. Ndani ya kikopo mna kiwambo cha mpira na springi. Mpira mdogo mwembamba, ambao mafundi huuita hosi, unachukua upepo upande wa hewa safi ya turbo na kuuingiza ndani ya kikopo. Upepo ukiwa mdogo, springi inaushinda, rodi imetulia, kifuniko kimefungwa. Upepo ukifikia kiwango ambacho springi imepimiwa, kiwambo kinasukumwa, rodi inasogea nje, na kifuniko kinafunguka kidogo kidogo. Upepo ukishuka, springi inarudisha rodi mahali pake. Kazi hiyo inafanyika mara nyingi katika safari moja, jirani kabisa na chuma ambacho moshi wake huweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi gari likiwa na mzigo. Si ajabu basi kwamba baada ya miaka springi inachoka, kiwambo kinapasuka na rodi inashika kutu.

Kwa hiyo fundi wetu hakukosea alipotambua ugonjwa. Springi ya kikopo chetu ilikuwa imechoka kweli. Kifuniko kilikuwa kikifunguka mapema mno, moshi unapotea pembeni, na turbo haifikishi upepo unaotakiwa. Kosa lake lilikuwa kwenye dawa. Badala ya kubadilisha kikopo alifunga kifuniko kisifunguke tena daima. Aliponya uchovu wa turbo kwa kuondoa breki yake.

Tuliendesha hivyo miezi minne hivi. Dereva alifurahi. Sisi ofisini tulifurahi zaidi, maana kwenye taarifa ya robo mwaka gharama za matengenezo zilikuwa zimeshuka. Halafu usiku mmoja, kwenye kona za juu za Kitonga, gasketi ya silinda hedi ikakatika. Maji yakaingia mahali pa oili, mvuke mweupe ukajaa barabarani, na lori likasimama na dawa za zahanati tatu ndani yake, zikiwemo chanjo kwenye maboksi ya barafu. Barafu haingoji mtu. Dereva na tingo walisimamisha basi la abiria, wakamwomba kondakta, na maboksi yakasafiri hadi Iringa chini ya viti vya abiria. Chanjo zilipona. Tunamshukuru kondakta yule ambaye jina lake hatukulipata. Injini haikupona. Hedi ilikuwa imepinda ikabidi ikasawazishwe kwenye mashine, na ekseli ya turbo ilikuwa imeanza kula nyumba yake, tukanunua turbo nzima. Kikopo kipya ambacho hatukununua mwanzoni hakingefika hata sehemu ya kumi ya gharama hizo.

Hapa ndipo mada ya asubuhi inapokutana na ya mchana. Kwenye taarifa ya fedha kwa washirika wetu tuliandika maneno mawili: "matengenezo makubwa". Hayakuwa uongo. Lakini hayakuwa ukweli wote pia, na mgeni wetu mmoja aliyeko hapa leo alituuliza kwa barua, kwa upole, lori la umri ule limeharibika nini. Ilituchukua wiki mbili kumjibu. Si kwamba hatukujua jibu; tuliona aibu kuandika neno "waya".

Tukirudi nyuma kidogo, kuna swali ambalo madereva wetu hutuuliza kila mwaka, nalo ndilo huwafanya wengine wawe tayari kukubali ujanja wa waya. Wanasema: "Gari lina nguvu Dar es Salaam, likifika Njombe linakuwa zito. Turbo imekufa?" Mara nyingi haijafa. Hewa ndiyo imepungua. Pwani, hewa inatukandamiza kwa uzito wa karibu pauni 15 kwa kila inchi ya mraba. Njombe mjini, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, uzito huo unashuka hadi karibu pauni 12. Injini isiyo na turbo, kama ile 1HZ ya lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za hospitali zetu, inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya hewa yake kwa kupanda tu kuja kwetu. Sasa chukueni injini yenye turbo ambayo springi ya kikopo imepimwa ifunguke kwenye pauni 12. Springi hiyo haipimi hewa yote. Inapima kiasi ambacho upepo wa turbo umezidi hewa ya nje. Pwani injini inapata 15 na 12, jumla 27. Njombe inapata 12 na 12, jumla 24. Imepoteza 3 katika 27, yaani sehemu moja ya tisa badala ya moja ya tano. Kwa maneno mengine turbo inatusaidia sana huku juu, ila haitufuti kabisa mlima. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege yenye turbo juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, meta 4,300 hivi, kwa sababu hiyo hiyo: kuona turbo itarudisha kiasi gani cha nguvu inayopotea kwenye hewa nyepesi. Dereva anayesikia uzito kidogo akifika Njombe hana ugonjwa wa kutibiwa. Anayesikia uzito pale pale Chalinze, huyo ana la kutuambia.

Basi tuje kwenye kuchagua kikopo kingine, maana tulikosea huko pia.

Baada ya injini kufunguliwa na turbo kubadilishwa, tuliamua kuweka kikopo cha akiba stoo, na safari hii tukafuata utaratibu wote wa kamati ya manunuzi. Tulileta profoma tatu. Kamati ikachagua ya bei ya chini, kama kanuni inavyosema. Kikopo kilipofika kilifanana na cha zamani kama mapacha: rangi, tundu za bolti, urefu wa rodi kwa macho. Lakini fundi mkuu wa karakana ya dayosisi, mtu wa maneno machache, alikataa kukipokea kabla ya kukipima. Alichukua pampu ya mkono ya kujazia tairi yenye geji, akaiunganisha kwenye mdomo wa kikopo, akasukuma taratibu huku akitazama rodi. Rodi ilianza kusogea kabla geji haijafika pauni 6. Kitabu cha injini yetu kinataka karibu mara mbili ya hapo. Kilikuwa kikopo kizima, kipya, cha gari jingine. Tungekifunga, lori lingerudi kwenye ugonjwa wake wa mwanzo, na baada ya mwezi pengine mtu mwingine angeleta waya.

Tulipozitazama upya zile profoma tatu tukaona kosa lilipoanzia. Barua yetu ya kuomba bei ilisema "valvu ya turbo ya lori" na kutaja tani. Kila muuzaji aliwaza lake. Walituandikia bei za vitu vitatu tofauti, nasi tukavilinganisha kama vile ni kitu kimoja. Huo haukuwa ushindani wa bei hata kidogo.

Tangu wakati huo ombi la spea ya turbo halipokelewi ofisini bila namba iliyopo kwenye kibao cha turbo yenyewe. Kibao hicho ni kidogo, kimepigiliwa kwenye nyumba ya alumini upande wa hewa safi, na mara nyingi kimefunikwa na oili na vumbi. Kifuteni kwa dizeli na kitambaa. Namba ya injini pekee haitoshi, kwa sababu injini moja huweza kufungwa turbo za aina zaidi ya moja kwa miaka tofauti, na gari lililoletwa likiwa limetumika huenda lilishabadilishiwa turbo kabla hatujalinunua. Tunapiga picha ya kibao na ya kikopo kikiwa mahali pake. Muuzaji anatakiwa kuandika namba hiyo hiyo kwenye profoma yake pamoja na kiwango ambacho springi inaanza kufunguka. Asiyeandika, bei yake hatuilinganishi na za wenzake, hata iwe ya chini namna gani. Tunajua baadhi ya kamati zitalalamika kwamba tunawabagua wauzaji wadogo wa karibu. Kwa kweli mmoja wa waliotuuzia kikopo sahihi ni mwenye duka dogo sana. Tofauti yake ni kwamba aliomba picha kabla ya kutaja bei.

Lakini kabla hata ya kuomba bei, jiridhisheni kwamba kikopo ndicho kibovu. Anzeni na vya bei rahisi. Chujio la hewa lililoziba vumbi la barabara zetu hunyima turbo pumzi. Bomba kubwa la mpira linalotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini likipasuka chini ya klipu, upepo unatoka na mara nyingi husikika ukilia "fyuu" dereva akikanyaga mafuta. Kisha tazameni ile hosi ndogo ya kikopo. Hiyo ikichanika au ikichomoka, kikopo hakipati habari, kifuniko hakifunguki, na upepo unazidi kiasi. Matokeo yake ni sawa na ya waya, ila hakuna aliyekusudia. Usharika mmoja ulibadilisha hosi hiyo kwa kipande cha mpira wa plastiki wa kupitishia maji. Kiliyeyuka siku ya pili. Hosi ya kazi hiyo lazima istahimili joto na oili, na bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana cha kamati.

Gari likiwa limepoa kabisa, na tunasisitiza kabisa, fundi achomoe rodi na kusogeza kwa mkono mkono wa kifuniko. Uende na kurudi kwa ulaini, na ukirudi uonekane umefunga. Ukiwa umeganda kwa kutu, ukiwa unacheza huku na huku, au nyumba ya chuma ikiwa imepasuka kuzunguka lile tundu, kikopo kipya hakitasaidia kitu. Hapo ugonjwa uko kwenye nyumba ya turbo. Kamati inayoidhinisha kikopo bila swali hilo kujibiwa inaweza kununua mara mbili.

Kikopo kikishafika, kipimwe mezani mbele ya mjumbe mmoja wa kamati. Tumieni pampu ya mkono yenye geji. Msitumie kompresa ya karakana, maana upepo wake ni wa kujazia matairi ya malori, na kiwambo cha mpira kitapasuka kabla hamjasoma geji. Rodi ianze kusogea kwenye kiwango kilichoandikwa, na mkiacha kusukuma, geji isishuke. Ikishuka, kiwambo kinavuja. Wakati wa kufunga, urefu wa rodi ndio unaoamua kila kitu. Ikiwa ndefu mno kifuniko hakikai vizuri na moshi unavuja muda wote. Ikiwa fupi mno inakibana kifuniko kupita kiasi, nao ni waya wa kisasa usioonekana. Fundi mzuri anakishika kifuniko kikiwa kimefungwa, na rodi inapaswa kupungua kidogo tu isifike kwenye pini yake, ivutwe kidogo ndipo iingie. Baada ya hapo gari lijaribiwe likiwa na mzigo na geji ya upepo imefungwa, na namba iliyosomwa iandikwe kwenye kitabu cha safari cha gari.

Kikopo kilichotumika msinunue. Tunajua Gerezani vipo vingi na kwa bei ya kuvutia. Springi iliyotumika miaka kumi kwenye joto imechoka kama ile mnayoiondoa, na hamna njia ya kujua imechoka kiasi gani mpaka muwe mmeshalipa.

Maneno machache kuhusu magari mengine, ili msiondoke hapa na kipimo kimoja kwa kila gari. Pickup nyingi mpya hazina kifuniko hiki kabisa. Toyota 1KD ya lita 3.0, kwa mfano, inatumia turbo yenye mapezi madogo yanayogeuka kuelekeza moshi, na kile kinachofanana na kikopo pembeni kinageuza mapezi hayo chini ya amri ya kompyuta. Pampu ya mkono na kuchezea rodi hapo ni kutafuta hasara. Apelekewe fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Ipo pia valvu nyingine inayobeba jina la mchepuko, na hiyo ni ya magari ya petroli yenye turbo, kama Subaru za baadhi ya vijana wetu. Injini ya petroli ina mlango wa hewa unaojifunga dereva anapoachia mafuta. Hewa iliyokwisha kusukumwa na turbo inagonga mlango uliofungwa na kurudi kuipiga feni. Valvu hiyo hufunguka wakati huo na kuirudisha hewa upande wa mbele ya turbo. Nayo ina kiwambo kinachochanika kwa uzee, na ikichanika gari linavuja upepo na kupoteza nguvu. Fungeni aina ile ile iliyotoka nayo kiwandani, inayorudisha hewa ndani. Zile zinazotema hewa nje na kupiga mluzi barabarani zinawapendeza wapita njia, lakini kwenye gari ambalo kipima-hewa chake kiko kabla ya turbo, kompyuta imeshaihesabu hewa ile na kuitolea mafuta, na sasa hewa haipo. Petroli inaungua bure. Na kwa gari la dizeli la kawaida, ambalo halina mlango huo, valvu ya mluzi haina kazi yoyote. Mwaka 2023 tulipokea ombi la usharika mmoja la kununua moja kwa ajili ya gari la dizeli. Tuliwarudishia kwa heshima, ingawa tulitamani sana kujua nani aliwashauri.

Mwisho tunalo la kuwaambia wageni wetu, nasi tunalisema kwa shukrani na bila kuzunguka. Miradi mingi hutununulia gari, na bajeti yake inaruhusu mafuta na matairi. Ni michache iliyowahi kuturuhusu kununua geji ya upepo, pampu ya kupimia, kitabu cha fundi cha gari husika, au siku mbili za mafunzo kwa madereva. Vyote hivyo kwa pamoja vingekaa kwenye begi moja. Tumewaandikia ombi la kifungu hicho kwa ajili ya magari sita ya dayosisi, na mtalikuta kwenye makabrasha yenu, ukurasa wa nne. Pamoja nalo tumeambatisha taarifa ya lile lori kama ilivyopaswa kuandikwa mara ya kwanza.

Hapa mezani mnaona vitu vitatu: kikopo cha zamani kilichochoka, kile cha gari jingine tulichouziwa, na kilicho sahihi. Waya bado umo kwenye cha kwanza, hatukuutoa. Wakati wa chai fundi wetu atavipima vyote na pampu, na kila kamati ijaribu kusoma geji yenyewe kabla hajawaambia jibu. Karibuni.